Pua Mbili Mbele ya Tanuri

Ukitaka kujua kama mimi ni mtu wa kunyamaza, kamuulize mume wangu. Yeye ni fundi rangi, na tangu mimba hii iingie haruhusiwi kuvuka mlango wa chumba kabla hajaoga na kubadili nguo, na akishaoga bado namrudisha akasugue nywele. Majirani nao wananijua. Kwenye foleni ya maji, mtu akijipenyeza mbele yangu anatoka mwenyewe kabla sijamaliza kusema. Kwa hiyo nisieleweke vibaya nikisema kwamba kazini nilikuwa bubu.

Ububu wenyewe ulitokana na Baba Mdogo. Ni mdogo wake baba yangu, tumbo moja, na baba alipofariki ndiye aliyenishika mkono akanipeleka bekari anakofanya kazi, akamwambia bosi kwamba huyu ni mwanangu, akikosea mnigombeze mimi. Sasa mtu wa namna hiyo utampandishia sauti kwa kinywa gani? Asubuhi nampa shikamoo, mchana namtengea chakula, na akisema jambo mimi ni ndiyo Baba Mdogo. Hata akitia chumvi hadithi zake za ujana alipokuwa akicheza mpira, ni ndiyo Baba Mdogo.

Bekari yetu ni chumba kimoja kirefu. Mlango wa mbele ni wa wateja, mlango wa nyuma unatokea uani penye mitungi ya gesi, na katikati kuna meza ya bati ambayo mimi na Mashavu tunakatia donge na kuliviringisha. Mashavu ni mwenzangu, na jina linajieleza. Kwenye kona kuna mashine ya kukandia na Mkandaji wake, mwanamume wa mikono minene asiyesema mpaka aulizwe, na hata akiulizwa anafikiria kwanza. Mwisho wa chumba ndipo lilipo tanuri, na tanuri ni la Baba Mdogo.

Kabla ya kuwasha, kila siku, kazi zote zinasimama. Mashine inazimwa, mazungumzo yanakatika. Baba Mdogo anafungua mlango wa tanuri, anainama, anaingiza kichwa, ananusa upande huu na upande ule, kisha anatoka na kusema, "Safi." Hapo ndipo anapowasha kiberiti. Alianza hivyo kwa sababu ujanani, katika bekari nyingine, alimwona rafiki yake akiwasha tanuri lililojaa gesi, na mpaka leo hataki kusimulia kilichofuata. Bosi wetu aliiamini pua ile kuliko kifaa chochote. Alipokuja mtu kumwuzia kengele ya kunusa gesi, alimjibu kwamba ninayo tayari, ile pale inakunywa chai.

Mimi pua niliipata kwa mimba. Ni ya kwanza, sikujua kwamba tumbo linaweza kumfungua mtu pua namna ile. Nikawa nasikia harufu ya vitu visivyo na harufu: maji, kioo, kijiko kikavu. Mama mkwe alicheka, akasema yeye alipokuwa na mume wangu tumboni alisikia mpaka harufu ya jua, nivumilie tu. Nyumbani ilikuwa mzaha. Kazini ndiko nilikojiharibia. Siku moja nilitangaza kwamba unga umeoza, tena kwa uhakika, bosi akasimamisha kazi na kumwita aliyetuuzia, magunia yakafunguliwa yote, unga mweupe mzuri kama umesagwa asubuhi ile. Haukupita muda nikasema kuna panya amefia darini. Mkandaji akapanda, akabandua mbao, akashuka na utando wa buibui kichwani, panya hakuna. Tangu hapo jina langu likawa Pua.

Bosi si mtu mbaya, ni mtu wa haraka tu. Aliniita pembeni akaniambia, kwa ule upole unaouma, kwamba nikisimamisha kazi tena kwa ajili ya pua nitakwenda kupumzika nyumbani mpaka nijifungue, na baada ya hapo tutaona. Hiyo tutaona niliielewa vizuri sana. Baba Mdogo alikuwa karibu, anatazama sakafu, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo ikaja harufu yenyewe. Niliinama kuchukua trei za rafu ya chini, kando ya tanuri, ikanipiga puani kama kitunguu kilichooza ndani ya mfuko wa plastiki. Nikasimama wima, ikapotea. Nikainama, ikarudi. Nikasimama, haipo. Aliyekuwa akinitazama labda alidhani nafanya mazoezi. Gesi inanuka hivyo, najua, kila mtu anajua. Lakini siku zile hata mto wangu wa kulalia ulikuwa unanuka hivyo, na viatu vyangu, na mimi mwenyewe. Sasa niamini nini?

Nikamwuliza Mashavu kwa sauti ya chini kama anasikia harufu. Akatupa jicho kule aliko Baba Mdogo, akasema, yeye si ameshasema safi. Nikamwambia sijakuuliza alichosema, nimekuuliza pua yako inasemaje. Akaviringisha donge lake, akaliviringisha tena lile lile, kisha akaniambia nisimtafutie maneno. Ndiyo au hapana ni neno moja tu, mtu analizunguka kwa nini? Nikajaribu kwa Mkandaji. Akafikiria, na akaendelea kufikiria mpaka mashine ikawashwa.

Mchana wa siku ile ile likatokea jambo lililonimaliza kabisa. Maharage niliyobeba kutoka nyumbani yalikuwa yamechacha. Nilifunua kopo, nikalifunika haraka, nikainuka kwenda kumwaga. Baba Mdogo akauliza mbona natupa chakula, nikamwambia kimechacha, akasema lete hapa. Akala. Akala yote, akafuta kopo kwa kipande cha mkate, akasema mkono wangu ni wa marehemu bibi, mama yake. Mimi namtazama tu. Mtu mwenye pua ya kuaminiwa na bekari nzima amekula maharage yaliyochacha bila hata kukunja uso. Nikapiga hesabu zangu, nikazipiga vibaya: kama pua ile imesema maharage ni mazima, basi ni mazima, na iliyooza ni yangu. Kesho yake alishinda akienda msalani, akalaumu maji ya bomba. Mnajua nilifanya nini? Na mimi nililaumu maji ya bomba.

Mume wangu alinisikiliza akiwa mlangoni, maji yanamchuruzika kichwani. Akasema basi sema. Niseme nini, nikamfokea, kwamba kuna gesi? Na ikiwa haipo? Nitakuwa nimejifukuza kazi kwa mdomo wangu, tena nitakuwa nimemwambia Baba Mdogo mbele za watu kwamba pua yake haifai, yeye aliyenitafutia hiyo kazi. Akauliza, na ikiwa ipo? Nikamwambia arudi akasugue nywele.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa hila. Nikawa naufungua mlango wa nyuma kwa kisingizio cha joto. Nikahamisha trei ili nisipate sababu ya kuinama, halafu nikajikuta nainama bila sababu, kuhakikisha. Kuna siku ilikuwepo, kuna siku haikuwepo, na kuna siku ilikuwepo lakini hata ndoo ya kupigia deki ilikuwa inanuka vile vile. Baba Mdogo akisema safi, nahesabu hatua za kufika mlangoni. Tanuri likiwaka salama, nafurahi na kukasirika papo hapo, kwa sababu maana yake ni kwamba sina akili. Nilichoka kujitilia shaka. Hakuna kazi inayochosha kama hiyo, bora kukanda kwa mikono.

Siku yenyewe ilinyesha mvua ya upepo. Bosi alikuwa ameahidi mikate kwa shule, akaja mwenyewe kutusimamia, na kwa kuwa maji yalikuwa yanaingia, akaufunga mlango wa nyuma na kuuziba kwa gunia chini. Nilipoinama kuchukua trei, macho yalinitoka machozi. Nikasimama wima nikitegemea ipotee kama kawaida yake. Haikupotea.

Mashine ikazimwa. Baba Mdogo akafungua mlango wa tanuri na kuingiza kichwa. Nikageuka, nikamwona Mashavu amejiziba pua kwa aproni. Macho yetu yakakutana, akaishusha aproni upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Mkandaji naye alikuwa amejisogeza karibu na mlango wa mbele, yeye ambaye huwa hasogei popote. Hapo ndipo kichwa kiliponivurugika kweli kweli. Wanasikia. Na kama wanasikia, mbona wamenyamaza? Na kama wamenyamaza, labda hawasikii, labda Mashavu ana mafua, labda Mkandaji anataka hewa tu. Na mwenye pua yake yuko humo ndani ananusa kwa makini, mtu mzima, fundi, mimi ni nani? Alipotoa kichwa na kututazama, nilijifuta machozi haraka, nikavaa uso wangu wa heshima, ule wa kila siku.

"Safi," alisema Baba Mdogo.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri yenye adabu, yanayoanza na samahani. Kilichotoka ni mkoromo. Akachomoa njiti. Nikasema, "Baba Mdogo, usiwashe," kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, na mvua juu ya bati ikaimeza yote. Njiti ikagusa ubavu wa kiberiti. Mbele yangu mezani palikuwa na bakuli la mayai yaliyopigwa, tunayopaka juu ya mikate. Kulinyanyua sikumbuki. Nakumbuka liko tupu mikononi mwangu, na Baba Mdogo amesimama, mayai yanamtiririka kutoka kwenye paji la uso mpaka kifuani, na kiberiti kimelowa chapachapa.

"Usiwashe," nilisema, na safari hii hata waliokuwa barabarani walisikia. "Kuna gesi. Naisikia tangu siku zile, na hawa nao wanaisikia."

Bosi alinitazama, akayatazama mayai sakafuni, akanitazama tena. Akaniuliza taratibu tulikubaliana nini. Kisha akamgeukia Baba Mdogo, akamwuliza kama kuna gesi au hakuna. Angesema hakuna, ningevua aproni na kwenda zangu, na wao wangetoa kiberiti kingine kabatini.

Baba Mdogo akajifuta jicho moja. Akavuta pumzi kwa pua, ndefu, nikaona mbavu zikipanda chini ya shati lililolowa. Hakumtazama bosi, alinitazama mimi.

"Sijui," alisema. "Sisikii harufu yoyote, bosi. Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii kitu. Sisikii gesi, sisikii mkate, hata haya mayai siyasikii."

Muda wote huo tulikuwa tunazima mashine na kushika adabu zetu, tukisubiri ruhusa kutoka kwenye pua isiyojua lolote. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Mashavu akasema polepole kwamba hata yeye aliisikia, tangu siku ile nilipomwuliza, ila aliona yeye ni nani mpaka aseme. Mkandaji akafikiria, akasema na yeye. Niliyowaambia wale wawili siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Bosi ndiye aliyepata akili kabla ya sisi wote, akatutoa nje kwa mlango wa mbele na kukataza mtu kugusa swichi. Baba Mdogo akazunguka uani peke yake katika mvua, akafunga mitungi mmoja mmoja, mayai bado usoni.

Fundi wa gesi alikuja wakati upepo wa kutosha umeshapita mle ndani. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi nyuma ya tanuri, na pale mpira unapoungana na chuma, karibu na sakafu, mapovu yakavimba na kupasuka, yakavimba na kupasuka. Akatueleza kwamba gesi hii ni nzito, inalala chini, kwa hiyo anayeinama anaisikia na aliyesimama anaweza asiisikie. Akataka kueleza na jinsi ambavyo ingekuwa kwa mlango uliozibwa, akatutazama, akaamua kuacha. Alipouliza nani aliyegundua, wote wakaninyooshea kidole mimi, wale wale waliokuwa na mafua.

Bosi hakuomba radhi, hajui kuomba. Alikwenda barazani alikokuwa amesimama Baba Mdogo, akamwambia kesho aje kazini kama kawaida, mikate hakuna anayeijua kama yeye. Halafu akanyoosha mkono, akausubirisha. Baba Mdogo akaelewa. Akatoa kile kiberiti kilicholowa mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha bosi, naye bosi akageuka akanipa mimi, akaenda kupiga simu shuleni kusema mikate imechelewa.

Nikabaki nimekishika. Nilikuwa nimeshinda, au siyo? Nimesema, nimesikilizwa, tuko hai, na mtoto ananipiga teke kwa ndani kama anayetaka kujua kelele zile zilikuwa za nini. Sasa mbona nilijisikia kama mwizi? Mashavu alikuja kunipongeza, nikamwondoa kwa jicho. Nikachota maji kwenye kopo, nikampelekea Baba Mdogo anawe uso. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza. Akanawa, mayai yakatoka, lakini yaliyokauka kwenye nyusi yakabaki, na sikuthubutu kuyagusa.

Nikakaa kando yake, nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia aliogopa. Alidhani pua itarudi, za wengine zilirudi. Kila asubuhi alikuwa akiingiza kichwa kwenye tanuri na kujiambia leo, huenda leo, na akitoka mikono mitupu anaona aibu kusema, maana bila pua pale bekari yeye angekuwa nani. Hasira zikanipanda upya. Nikamwuliza, nikiwa nimesahau kabisa kwamba ni Baba Mdogo, alikuwa akipata wapi ujasiri wa kusema safi na kuwasha moto wakati hajui kitu, ndani ya chumba chenye watu, chenye mimi na tumbo langu.

Mvua ilikuwa imepungua, matone yanadondoka kutoka ukingo wa bati.

"Nilikuwa natazama nyuso zenu," alisema. "Nikitoa kichwa nawatazama kwanza. Nilijua ikiwepo, mtaisikia nyinyi, na nitaona. Nikiona mmoja tu ana wasiwasi, siwashi."

Nikajaribu kuzikumbuka nyuso zetu, nikatuona tumesimama pale kila siku, mikono nyuma, tunamheshimu.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Uso wangu ulikuwaje?"

"Wako ndio niliokuwa nautazama kabla ya yote," alisema. "Ulikuwa umetulia, mwanangu. Kila siku ulikuwa umetulia."